UZI: John Peter Altgeld, gavana wa Illinois aliyewatoa gerezani wafungwa wa Mei Mosi akijua saini itamgharimu

Katibu wa Tawi (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani kwetu. Kila Mei Mosi tunashona fulana, tunabeba mabango, tunapita mbele ya jukwaa, kisha tunasimama juani tukimsubiri mgeni rasmi aguse habari ya mshahara. Mwaka huu kijana mmoja mgeni kazini akaniuliza, "Katibu, kwa nini tarehe moja mwezi wa tano? Kulitokea nini?" Nikamwambia habari ya Chicago, kwamba wafanyakazi walidai saa nane za kazi na viongozi wao wakanyongwa. Akauliza tena, "Wote walinyongwa?" Sikuwa na la kumjibu. Nikaenda kusoma.

Hawakunyongwa wote. Watatu walitoka wakiwa hai, na aliyewatoa ni gavana wa jimbo la Illinois, John Peter Altgeld. Huku kwetu sijawahi kusikia jina lake likitajwa jukwaani hata mara moja. Naleta habari zake hapa kwa sababu naamini kila anayevaa ile fulana anapaswa kumjua. Uzi ni mrefu, nitaushusha kidogo kidogo. Wenye maswali ulizeni katikati.

Altgeld alizaliwa 30 Desemba 1847 huko Niederselters, Ujerumani. Alikuwa na miezi mitatu tu wazazi wake walipompandisha melini kwenda Marekani, wakaishia shambani karibu na mji wa Mansfield, Ohio. Baba yake hakujua kusoma na hakuona faida ya mtoto kukaa darasani wakati shamba linamngoja. Basi akasoma kwa vipande vipande, msimu huu shule, msimu ujao jembe. Alizaliwa na mdomo uliopasuka juu, na alipokua alifuga ndevu kuuficha. Ongeza hapo Kiingereza chenye lafudhi ya Kijerumani, utaona alivyokuwa mbele ya watoto wenzake.

Mwaka 1864, ana miaka 16, vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaendelea, akajiunga na jeshi la Kaskazini. Alilipwa dola 100 za kujiandikisha. Dola 90 akampa baba, 10 akabaki nazo. Huko Virginia akashikwa na homa ya mabwawani ambayo haikumwacha maisha yake yote.

Aliporudi akapata cheti cha ualimu, akafundisha shule za vijijini. Hapo akampenda mwalimu mwenzake, Emma Ford. Baba wa Emma akakataa, kijana hana kitu. Altgeld akashika njia kuelekea magharibi kwa miguu. Alifanya kazi ya kibarua kwenye ujenzi wa reli huko Arkansas, homa ikamwangusha tena, akaokotwaokotwa na watu wema hadi akafika mji mdogo wa Savannah, Missouri. Akafundisha mchana, usiku akasoma sheria. Akawa wakili, na mwaka 1874 wakulima wa eneo lile wakamchagua kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Mwaka mmoja baadaye akaacha cheo na kuhamia Chicago, mji asiokuwa na mtu anayemjua. Alikuwa akilala ofisini kwake.

Mwaka 1877 akarudi Ohio kumwoa Emma. Safari hii hakukataliwa.

Kijana wa Kahama

Mkuu endelea, nimekaa mkao wa kusikiliza. Kumbe alitembea kwa miguu kwenda kutafuta maisha halafu akarudi kuoa yule yule. Heshima kwake.

Katibu wa Tawi

Pamoja mkuu.

Chicago alipata utajiri, na ni vema lisemwe wazi. Alinunua viwanja, akajenga, akauza. Baadaye akajenga ghorofa 16 mtaa wa Dearborn, katikati ya mji, likaitwa Unity Building. Yeye na Emma hawakujaliwa mtoto, na lile jengo alilipenda kupita mali zake zote. Likumbukeni, nitalirudia.

Ila utajiri haukumsahaulisha alikotoka. Mwaka 1884 aliandika kitabu kidogo kuhusu magereza na mahakama. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ile ya adhabu inasaga maskini, inawakamata watu kwa makosa madogo, inawachanganya na wahalifu sugu, kisha inashangaa wakirudi. Alikipeleka kwa waheshimiwa wengi. Wakili mmoja kijana wa Ohio akakisoma, akavutiwa, akahamia Chicago na kumtafuta mwandishi. Wakili huyo ni Clarence Darrow, aliyekuja kuwa mtetezi mashuhuri kuliko wote Marekani. Mwaka 1886 Altgeld akachaguliwa jaji.

Mwaka huo huo ndipo yalipotokea yetu.

Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi maelfu kwa maelfu Marekani nzima waligoma wakidai siku ya kazi iwe saa nane. Kitovu kilikuwa Chicago. Tarehe 3 Mei polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha zana za kilimo cha McCormick, watu wakafa. Kesho yake usiku ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo katika uwanja wa Haymarket. Meya Carter Harrison alihudhuria mwenyewe, akaona watu wametulia, akamwambia kamanda wa polisi, Kapteni John Bonfield, kwamba hakuna haja ya askari, kisha akaenda zake nyumbani. Mvua ikaanza kunyesha, watu wakatawanyika, wakabaki mia chache. Jukwaani, yaani juu ya mkokoteni, alikuwa amesimama Samuel Fielden, Mwingereza, mbeba mawe kwa mkokoteni wa farasi, aliyewahi kuwa mhubiri wa Kimethodisti. Alikuwa anamalizia.

Meya alipokwisha kuondoka, Bonfield akaja na askari karibu 180 akaamuru watu watawanyike. Fielden akajibu kwamba wao ni watu wa amani. Bomu likarushwa katikati ya askari. Polisi wakafyatua risasi gizani kila upande. Askari saba walikufa, na raia wanne au zaidi.

Kijana wa Kahama

Mkuu samahani, hilo bomu nani alirusha?

Katibu wa Tawi

Mpaka leo hajulikani, ndugu yangu. Shika hapo hapo, ndipo kesi nzima ilipolala.

Walishtakiwa watu wanane: August Spies, Albert Parsons, Samuel Fielden, Michael Schwab, Adolph Fischer, George Engel, Louis Lingg na Oscar Neebe. Walikuwa waanakisti, yaani watu wanaopinga kuwepo kwa serikali, wengi wao wahamiaji kutoka Ujerumani, wahariri wa magazeti ya wafanyakazi na wasemaji wa mikutano. Hakuna hata mmoja aliyethibitishwa kurusha bomu. Wengine hata uwanjani hawakuwepo. Upande wa mashtaka ulisema maneno yao ndiyo yaliyomchochea mrushaji, mrushaji ambaye hawakumjua. Sasa utasemaje maneno ya fulani yalimchochea mtu usiyemjua? Alisikia? Alisoma? Nani aliulizwa?

Jaji alikuwa Joseph Gary. Marekani kesi huamuliwa na juri, yaani raia 12 wanaoketi kusikiliza na kutamka kama mshtakiwa ana hatia. Kwa kawaida majina yao huchukuliwa kwa bahati nasibu. Kesi hii alipewa ofisa wa mahakama, Henry Ryce, awatafute yeye mwenyewe mitaani. Watu waliokiri kwamba tayari wanaamini washtakiwa wana hatia wakaruhusiwa kuketi. Tarehe 20 Agosti 1886 hukumu ikatoka: saba kitanzi, Neebe miaka 15.

Sasa sikilizeni jambo la Parsons, maana huyu ameniingia moyoni. Alipotafutwa alikuwa amejificha mbali, hakuna aliyejua alipo. Siku ya kwanza ya kesi akaingia mahakamani kwa miguu yake, akaketi na wenzake. Baada ya hukumu, watu wakubwa wakamshawishi aandike barua ya kuomba huruma kwa gavana wa wakati huo, Richard Oglesby. Kulikuwa na matumaini makubwa kwamba akiomba atapona. Akakataa. Alisema hana kosa, na asiye na kosa haombi kuhurumiwa. Fielden na Schwab waliomba, wakabadilishiwa kuwa kifungo cha maisha. Lingg alijiua seli kwa baruti siku moja kabla. Tarehe 11 Novemba 1887 Spies, Parsons, Fischer na Engel wakanyongwa. Asubuhi hiyo mke wa Parsons, Lucy, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, alikwenda na watoto wake wawili wamuone baba yao mara ya mwisho. Polisi wakamweka mahabusu yeye na watoto mpaka kazi ikaisha.

Na Altgeld? Alikuwa jaji mji ule ule. Hakusema neno hadharani. Nampenda mtu huyu, lakini hili nalo ni lake.

Mama Wakili

Katibu, uzi mzuri. Naomba niongeze kitu kuhusu hilo la Parsons, nimekaa mahakamani miaka mingi.

Lugha yetu yenyewe inalisema vizuri. Ukimwambia mtu "nimekusamehe", umekwisha sema amekosa. Hakuna msamaha bila kosa. Kwetu Rais ana mamlaka hayo chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, na kila sikukuu ya taifa tunasikia wafungwa kadhaa wamesamehewa. Hakuna anayeuliza kama walihukumiwa kihalali. Kinachotazamwa ni umri, ugonjwa, muda waliotumikia. Ni huruma ya dola. Parsons alilijua hilo. Kuomba huruma kungekuwa kutia saini hukumu yake mwenyewe.

Nangoja nione gavana wako alitoa msamaha wa namna gani.

Katibu wa Tawi

Mama, shikamoo. Umegusa penyewe kabisa, na nakushukuru, maana nilikuwa natafuta maneno hayo.

Mwaka 1892 Altgeld aligombea ugavana kwa tiketi ya Democrat akamshinda Joseph Fifer. Kwa Illinois alikuwa gavana wa kwanza aliyezaliwa ng'ambo. Siku ya kuapishwa, Januari 1893, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba alishindwa kumaliza hotuba, ikabidi karani aisome.

Watu wengi walitegemea awatoe Fielden, Schwab na Neebe. Hasira za 1886 zilikuwa zimepoa. Wafanyabiashara, hata wenye mabenki, walikuwa wametia saini maombi ya huruma. Kama angetoa tamko la aya moja kwamba wamekaa vya kutosha, serikali inawahurumia, watu wangeguna kidogo na maisha yangeendelea. Darrow alikwenda kumshinikiza, anachelewa nini? Altgeld akamjibu kwamba akiamua kuwatoa, watu hawatalipokea kama Darrow anavyodhani, na kuanzia siku hiyo yeye kisiasa ni maiti.

Alijua kwa sababu alikuwa anasoma jalada lote. Kila ukurasa. Na alichokisoma hakikuwa cha kuhurumia.

Tarehe 26 Juni 1893, kesho yake baada ya mnara wa walionyongwa kuzinduliwa kwenye makaburi ya Waldheim, alisaini. Pamoja na saini akachapisha maelezo ya maneno kama 18,000. Mama Wakili, hapa ndipo jibu lako lilipo. Mwanzoni tu alisema kwamba kama watu hawa walitendewa haki mahakamani, basi hakuna sababu ya kuwatoa, maana wenye hatia ya jambo lile wanastahili adhabu. Hakuingia kabisa kwenye suala la huruma. Akauliza maswali ya kesi: juri ilichaguliwa kihalali? Wajumbe wake walikuwa na akili huru? Ushahidi ulionyesha kosa? Kuna chochote dhidi ya Neebe? Jaji alikuwa wa haki?

Akajibu moja baada ya jingine. Alitoa kiapo cha shahidi kilichoeleza kwamba Ryce, yule ofisa, alijigamba kuwa anaiendesha kesi yeye na watu wale watanyongwa bila shaka yoyote. Alimnukuu aliyekuwa mkuu wa polisi, Ebersold, akieleza jinsi ofisa wake alivyotaka kuunda mwenyewe vikundi vya waanakisti ili awakamate. Alieleza jinsi polisi wa Chicago walivyokuwa wakipiga na kuua wafanyakazi miaka mingi bila kuulizwa, na akasema inaelekea bomu lilirushwa na mtu aliyekuwa akilipiza kisasi chake binafsi. Kuhusu Neebe alisema hakuna ushahidi wowote. Kwa hiyo waliokuwa hai wakatoka, na wale watano waliokuwa makaburini wakasafishwa pia, ingawa karatasi zilikuwa na majina matatu tu.

Karatasi zile zilipelekwa gereza la Joliet na mwenye benki aitwaye Dreyer. Huyu alikuwa mwenyekiti wa lile baraza la raia lililowafungulia mashtaka mwaka 1886. Inasimuliwa kwamba alipokabidhiwa alilia.

Karani kijana aliyeandaa zile karatasi, Brand Whitlock, alikutana na gavana njiani siku chache baadaye, akamwambia dhoruba imekuja. Altgeld, akiwa juu ya farasi, akamjibu kwamba alijiandaa kwa hilo, na kwamba alichofanya ni haki tu, basi.

Mama Wakili

Marahaba mwanangu. Maneno 18,000! Hiyo ni hukumu ya rufaa kamili, imetolewa na mtu asiye mahakama.

Lakini niruhusu nikupinge kidogo. Wapo waliosema tangu wakati ule kwamba alikuwa na chuki binafsi na Jaji Gary. Na lugha aliyotumia dhidi ya jaji huyo ilikuwa kali mno. Je, hakuiharibu hoja yake? Angeeleza kasoro za kesi akaacha tabia ya jaji.

Katibu wa Tawi

Mama, hilo limesemwa na hata marafiki zake. Darrow mwenyewe alimtetea maisha yote lakini aliona kwamba alikuwa mkali kupita kiasi kwa Gary. Nami nakubali kwamba lugha ile iliwapa maadui silaha ya bure. Ila hoja zake nne za kwanza zinasimama hata ukiifuta ile sehemu ya jaji yote. Juri iliyookotwa na mtu aliyeapa kuwanyonga haihitaji chuki ya mtu yeyote kuonekana mbovu.

Yaliyofuata ni kama alivyotabiri. Gazeti la Chicago Tribune liliandika kwamba hana tone la damu ya kweli ya Kimarekani, wala hafikiri wala kuhisi kama Mmarekani. Mtoto aliyeingia nchi ile na miezi mitatu, akapigana vita yake na miaka 16! Walichora vibonzo vyake ameshika bomu na mwenge. Sanamu zake zikachomwa hadharani. Magazeti ya nchi nzima, makanisani, vyuoni, kila mahali.

Jambo jingine ambalo halitajwi sana. Wiki tatu kabla ya hapo, tarehe 3 Juni 1893, kundi la watu lilivamia jela ya Decatur, Illinois, likamtoa mtu mweusi aitwaye Samuel Bush na kumnyonga kwenye nguzo bila kesi. Altgeld akatoa tangazo la kulaani, akaliita mauaji ya woga na doa kwa jimbo, akaahidi zawadi ya fedha kwa atakayewezesha wahusika kukamatwa. Mwaka ule magavana wengi walikuwa wanatazama pembeni. Kwangu mambo haya mawili ni jambo moja, mtu asiuawe bila haki ya mahakama, iwe kwa kamba ya wahuni au kwa kamba ya serikali.

Mstaafu wa Reli

Katibu, mimi nimefanya kazi ya reli miaka 31, na naomba usiruke mgomo wa Pullman. Tulifundishwa habari zake kwenye semina ya chama zamani sana, na huyo gavana alitajwa.

Katibu wa Tawi

Shikamoo mzee wangu. Siruki.

George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulala, akajenga mji wa wafanyakazi wake kusini mwa Chicago. Nyumba zake, duka lake, maji yake. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 akakata mishahara kama robo, lakini kodi ya nyumba akaiacha ile ile, na kodi inakatwa kwenye mshahara. Mei 1894 wakagoma. Juni, chama cha wafanyakazi wa reli chini ya Eugene Debs kikasema wanachama hawatagusa treni yoyote yenye behewa la Pullman. Reli za nchi zikasimama kuanzia Chicago kwenda magharibi.

Wenye reli wakakimbilia Washington. Rais Grover Cleveland, wa chama kile kile cha Altgeld, akatuma jeshi la shirikisho Chicago mwanzoni mwa Julai kwa hoja kwamba barua za posta zinazuiwa. Hakumuuliza gavana. Altgeld alikuwa na askari wa jimbo tayari, na alikwisha watuma miji mingine ya Illinois kila viongozi wa huko walipoomba. Akamwandikia Rais telegramu ndefu kwamba Katiba inataka jimbo liombe kwanza, Illinois haijaomba, na treni hazitembei kwa sababu wenye reli hawana watu wa kuziendesha. Cleveland akajibu kwa mistari michache. Altgeld akaandika tena. Vurugu zilizidi baada ya jeshi kufika, mabehewa yakachomwa, watu wakauawa, na meya alipoomba msaada Altgeld akatuma askari wake wa jimbo. Mgomo ukavunjwa, Debs akafungwa miezi sita.

Mzee, semina yenu ilikwambia hili? Katikati ya mgomo huo, tarehe 28 Juni 1894, Cleveland alisaini sheria ya kuifanya Jumatatu ya kwanza ya Septemba kuwa sikukuu ya wafanyakazi Marekani. Ndiyo maana wao hawaadhimishi tarehe iliyotoka kwao wenyewe. Sisi tunaisherehekea kwa kuwa mkutano wa vyama vya kijamaa Paris mwaka 1889 uliiteua, wao wana Septemba.

Agosti 1894 Altgeld alikwenda mwenyewe mji wa Pullman, akapita nyumba kwa nyumba akaona njaa. Akamwandikia Pullman kumwomba asamehe kodi za wakati wa mgomo. Pullman akakataa. Gavana akatoa wito kwa wananchi wachange chakula.

Mstaafu wa Reli

Marahaba. Hilo la Septemba hatukuambiwa. Kodi inakatwa juu kwa juu kabla hujauona mshahara, nalijua hilo. Endelea.

Katibu wa Tawi

Mambo yake mengine nayapitia haraka, ingawa kila moja lingetosha uzi wake.

Mwaka 1893 Illinois ilipitisha sheria ya viwanda: mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi kiwandani, na wanawake wafanye kazi saa nane. Altgeld akamteua Florence Kelley, mwanamke, kuwa mkaguzi mkuu, wakati wanawake hawana hata kura ya kumchagua gavana huyo. Kelley na wakaguzi wake waliingia vyumba vya ushonaji vya Chicago, walikojaa watoto. Mwaka 1895 mahakama kuu ya jimbo ikakifuta kipengele cha saa nane. Cha watoto kikabaki. Vyuo vya serikali vilipata fedha ambazo havijawahi kupata, na majengo yenye minara kama ngome aliyoyasimamia yapo mpaka leo.

Mwaka huo huo wa 1895 mwenye tramu za Chicago, Charles Yerkes, alipitisha bungeni miswada ya kumpa barabara za mji kwa miongo mingi. Inasimuliwa kwamba Altgeld aliahidiwa nusu milioni ya dola asaini tu. Wakati huo Unity Building lilikuwa linamponyoka kwa madeni. Akaikataa miswada.

Mwaka 1896 ndiye aliyekishika chama. Mkutano mkuu wa Democrat uliofanyika Chicago ulimkana Cleveland na kulaani kutumia jeshi na mazuio ya mahakama dhidi ya wafanyakazi. Hakuweza kugombea urais kwa kuwa alizaliwa nje. Akapita William Jennings Bryan. Novemba Bryan akashindwa, na Altgeld akapoteza ugavana kwa John Tanner. Desturi ilikuwa gavana anayetoka aseme neno la kuaga siku ya kuapishwa mpya. Yeye hakupewa nafasi.

Baada ya hapo ghorofa likaenda. Mwaka 1899 aligombea umeya wa Chicago, akawa wa tatu. Darrow akamchukua kwenye ofisi yake ya uwakili. Mtu aliyewahi kuwa tajiri akarudi kutafuta riziki kwa kesi, na mwili umechoka.

Tarehe 11 Machi 1902 alikwenda Joliet, mji ule ule wa gereza, kuhutubia mkutano wa kuwaunga mkono Makaburu katika vita yao na Waingereza kule Afrika Kusini. Mwafrika yeyote ataliona pengo hapo. Alitetea wadogo dhidi ya dola kubwa, na wenye nchi walio wengi hawakuwa sehemu ya ugomvi ule. Alipomaliza hotuba akaanguka mlangoni. Alifariki kesho yake, ana miaka 54. Maelfu walipanga foleni kumuaga kwenye maktaba ya mji. Makasisi waliombwa kusema mazishini, wakakataa. Waliosema ni Darrow na Jane Addams, mwanamke mtetezi wa maskini wa Chicago.

Mdau wa Chicago

Katibu, nakusoma nikiwa huku huku. Ngoja nichangie ya kwa macho yangu.

Sanamu yake ipo Lincoln Park, ilitengenezwa na Gutzon Borglum, yule aliyechonga nyuso za marais kwenye mlima Rushmore. Ilizinduliwa mwaka 1915 siku ya wafanyakazi, ile yao ya Septemba. Gavana amesimama, miguuni pake kuna mwanamume, mwanamke na mtoto wamejikunyata. Watu wanapita na mbwa wao, sijaona anayesimama kusoma jina.

Lakini jina lake lina sehemu nyingine ambayo Wakenya mtaijua. Kusini kabisa mwa mji kuna nyumba za serikali zilizojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Wamarekani weusi, zinaitwa Altgeld Gardens. Zimezungukwa na majalala na viwanda vya zamani. Huko ndiko kijana Barack Obama alikofanya kazi ya kuhamasisha wakazi miaka ya 1980, wakidai nyuzi za asbesto ziondolewe majumbani mwao. Na huko ndiko mama mmoja mkazi, Hazel Johnson, alikoanzisha harakati zilizomfanya aitwe mama wa haki ya mazingira. Wengi wanaoishi pale hulifupisha tu, wanasema "the Gardens". Nilimuuliza mzee mmoja Altgeld ni nani, akaniambia lazima alikuwa tajiri fulani.

Kijana wa Kahama

Asante kaka. Katibu, bado swali la yule kijana wa kazini kwako hujalijibu. Wale watatu walipotoka ikawaje?

Katibu wa Tawi

Kweli kabisa, na nimeshamjibu yeye leo asubuhi wakati wa chai. Nakujibu na wewe.

Schwab alitoka na kifua kibovu cha gerezani, akafariki mwaka 1898. Neebe aliishi Chicago akiendesha baa, akafariki 1916. Wote wawili wamezikwa Waldheim pamoja na wenzao.

Fielden, yule aliyekuwa juu ya mkokoteni mvua ikinyesha, alirithi fedha kidogo kutoka kwa ndugu wa Uingereza, akanunua shamba la mifugo huko La Veta, milimani Colorado, akahamia na mkewe na watoto. Aliishi hadi 1922. Kati ya wale wanane ni yeye peke yake asiyelala Waldheim. Yuko kule kule La Veta, karibu na shamba lake.